Mega za Mteja Si Zako: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayeuza kwa Sauti na Video Kambove

Haya yameandikwa kwa mama anayeuza asali na unga wa karanga kwa WhatsApp akiwa Kambove, kwa kijana anayetuma vitenge Likasi kwa basi, na kwa fundi viatu mwenye ukurasa wa Facebook ambao mkewe ndiye anayeujibu. Kama una duka barabarani na wateja wanakufuata wenyewe, usipoteze muda hapa. Nenda ukauze.

Wengi wetu hatuna bahati hiyo. Kambove imekua kwa ajili ya shaba, haikukua kwa ajili ya soko. Mteja mwenye pesa yuko Likasi, kilomita ishirini na kitu kutoka hapa, au yuko mbali zaidi, Lubumbashi au Kolwezi. Hawezi kuonja asali yako wala kulowesha ncha ya kitenge aone kama rangi inatoka. Anachopata ni sauti yako na picha yako, navyo anavilipia kwa mega zake. Mtu akinunua mega za faranga mia tano, zikaishia kwenye video yako ya maua yanayozunguka na wimbo juu, ni kama amelipa nauli kuja dukani akakuta mlango umefungwa. Hatakutukana. Atakunyamazisha tu, na WhatsApp haitakwambia.

Masharti yote yanayofuata yanatoka hapo.

SAUTI

Fanya: anza na audio kabla ya kuota video. Audio ya dakika moja kwenye WhatsApp haifiki hata mega moja. Video ya dakika hiyohiyo hula mara nyingi zaidi, na mtandao ukiwa dhaifu inabaki ikizunguka hadi mtu akate tamaa. Mteja anaweza kukusikiliza huku anasonga bukari. Hawezi kukutazama huku anasonga bukari.

Wanaodhani sauti peke yake haiuzi wamesahau historia ya mji wa jirani. Mwaka 1952 mrekodi muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi kijana mmoja mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Gitaa moja na mdomo mmoja. Kampuni ya Gallotone ikatoa santuri, wimbo wake «Masanga» ukasafiri kote Afrika Mashariki, na kabla ya miaka ya hamsini kwisha Mwenda alikuwa anasikika Nairobi katika kipindi chake mwenyewe cha redio. Wengi waliompenda hawakuwahi kuuona uso wake. Alichokuwa nacho ni vidole safi na rekodi safi, na wewe leo una simu ambayo Tracey angeitamani.

Usifanye: usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Kuanzia Novemba hadi Aprili sheria hii peke yake itakuokolea wateja. Nilishawahi kutangaza mafuta ya mawese mchana wa Januari, nikiwa na haraka, bati likipiga ngoma juu yangu. Watu sita waliniuliza naongea nini. Wa saba hakuuliza, alicheka kwa audio. Nilikoma.

Fanya: rekodi alfajiri, kabla malori hayajaanza na kabla mashine ya kusaga ya jirani haijawashwa. Ingia chumba chenye nguo nyingi. Vitenge vikining'inia ukutani vinameza mwangwi, na muuza vitenge ana bahati ya kuwa na studio tayari bila kujua. Kiangazi, upepo wa Julai na Agosti ukivuma, funika kipaza sauti cha simu kwa kitambaa chepesi.

Fanya: weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kurekodi. Shemeji atapiga simu katikati ya sentensi yako nzuri kuliko zote. Hiyo ni kazi ya mashemeji.

Usifanye: usianze na salamu ya dakika nzima. Nimesikia audio inayosalimia ba mama wote, ba papa wote, wagonjwa, wanafunzi, waliosafiri, inamshukuru Mungu kwa uhai, na bidhaa inatajwa dakika ya pili mtu akiwa keshaondoka. Salamu ni adabu na hakuna anayekuambia uiache. «Jambo mama, jambo yaya» inatosha, kisha taja kitu, bei, mahali. Sekunde arobaini. Zikikushinda, huna tangazo, una hotuba.

Fanya: sema bei mara mbili, kwa njia mbili, kisha iandike. Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa magomvi mengi ninayoyajua yalianzia hapa. Kiswahili chetu kina mtego katika hesabu. Ukisema «elfu kumi na tano», mmoja anasikia 15 000, mwingine anasikia elfu kumi, halafu tano. Ukisema «elfu mbili na mia tano» na lori likapita, mteja anabaki na elfu mbili, na hizo elfu mbili ndizo atakazokuja nazo. Huku Katanga wengi wetu tunahesabu pesa kwa Kifaransa hata tukiwa katikati ya Kiswahili, na hakuna aibu katika hilo. Basi tumia zote mbili: «kumi na tano elfu, quinze mille». Baada ya audio tuma ujumbe mfupi wa maandishi wenye tarakimu. Ukitaja dola, taja na kiwango ulichotumia siku hiyo, maana kiwango hakikai mahali pamoja na mteja ana kumbukumbu nzuri kuliko yako.

Saa nayo ni hivyohivyo. Ukitangaza kwamba utakuwa moja kwa moja Facebook saa mbili, mmoja atakungoja usiku, mwingine mchana, kwa sababu tunao wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wanaohesabu kwa Kifaransa. Sema «saa mbili za usiku, vingt heures». Na kama una mteja Kinshasa, kumbuka yuko nyuma yetu kwa saa moja.

Usifanye: usiige megafoni ya sokoni. Yule anayepita na baiskeli akitangaza dawa ya panya anapigania sikio lako na watu mia. Wewe uko ndani ya sikio la mteja tayari, mara nyingine kitandani kwake. Ongea kama mtu aliye mezani.

Usifanye: usijitie Kifaransa cha televisheni kama si chako. Mteja wa Likasi akisikia unajikwaa kwenye maneno yako mwenyewe, anajiuliza na asali umeipata wapi. Ongea kama unavyoongea.

PICHA

Fanya: futa kioo cha kamera. Kila mara. Vumbi la Kambove halina likizo, na nusu ya video zinazodaiwa kuharibiwa na simu mbaya zimeharibiwa na kidole chenye mafuta.

Fanya: piga asubuhi au jioni, mlangoni, jua likiwa pembeni yako. Jua la saa sita linachoma rangi zote.

Usifanye: usitumie vichujio vya rangi kwenye bidhaa. Usoni mwako, fanya utakavyo, ni uso wako. Kitenge cha bluu ya giza kikifika Lubumbashi kimekuwa zambarau, umemdanganya mtu, hata kama programu ndiyo iliyofanya. Mwenye kitenge anakwenda harusini na wenzake wa sare moja. Rangi ni kila kitu kwake.

Fanya: onyesha ukubwa kwa kitu ambacho kila mtu anakijua. Mkono wako. Meka ya unga. Chupa ya bia. Sufuria inayoonekana peke yake kwenye meza tupu inaweza kuwa ya familia ya watu kumi au ya kuchezea watoto.

Fanya: onyesha kasoro. Kiatu cha mitumba chenye mkwaruzo kisogezwe karibu na kamera, mkwaruzo uonekane, na useme bei imeshuka kwa sababu yake. Wauzaji wengi wanaogopa hili, nami niliogopa. Lakini mteja akiona umemwonyesha ubaya bila kuulizwa, hatakuuliza maswali kumi na tano kuhusu viatu vingine vinne.

Usifanye: usiweke wimbo wa mtu mwingine. Facebook itaunyamazisha na video yako itabaki bubu. Akaunti ya biashara ya TikTok ina maktaba yake ya muziki ulioruhusiwa kwa matangazo, na nyimbo nyingi unazozipenda hazimo. Tena huuhitaji. Acha watu wasikie asali ikimiminika, cherehani ikikimbia, nyundo ya fundi ikigonga soli. Sauti ya kazi yako haina mwenye haki mwingine zaidi yako. Ukitaka kwaya ya parokia iimbe nyuma ya tangazo lako, kaombe, kalipe, kisha uombe tena, maana waimbaji wa soprano watabadilisha mawazo.

Usifanye: usiseme asali yako inaponya kisukari, presha wala uzazi. Sema ni tamu, sema imetoka wapi, sema imechujwa mara ngapi. Kuna mtu ataacha dawa zake kwa sababu ya audio yako.

Sasa nije kwenye video yenye faida kuliko zote, ambayo haitangazwi kwa yeyote.

Fanya: piga video ya kufunga mzigo, kila mzigo, bila kukata. Weka simu juu ya kopo, iangalie meza kutoka juu. Onyesha bidhaa, hesabu kwa sauti, weka kwenye mizani kama unauza kwa kilo, funga, bandika utepe, andika jina la mpokeaji, namba yake ya simu na tarehe, geuza boksi pande zote. Tuma video hiyo kwa mnunuzi peke yake. Dakika mbili za mega zako, safari hii si zake, maana yeye anaweza asiifungue kabisa kama mzigo umefika salama. Ukivunjika njiani, mnajua nyote wawili ulivyotoka. Dereva wa basi naye anajua kwamba mnajua, na boksi lililopigwa video mbele yake halirushwi kama gunia la makala.

Mteja mmoja wa Lubumbashi aliniandikia kwamba amepokea chupa tano badala ya sita. Nilikasirika. Niliifungua video ili nimshinde, nikahesabu pamoja na sauti yangu mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne, tano, na nilipofika kwenye sita mkono wangu uligusa chupa ya tano mara ya pili. Nilimtumia chupa mbili. Mpaka leo ananunua kwangu, na kila mara ananiuliza kama nimeshajifunza kuhesabu.

Usifanye: usiiweke video hiyo kwenye statu au TikTok. Boksi lina jina la mtu na namba yake ya simu. Si lako kutangaza.

MAHALI NA WATU

Usifanye: usipige video mgodini, kiwandani, kwenye kizuizi cha barabara, wala popote penye askari. Usiniambie udongo mwekundu unapendeza nyuma ya viatu. Katika eneo letu ardhi ina mambo yake. Shinkolobwe, iliyo karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945, na Januari 2004 mahali hapo pakafungwa kwa amri ya rais. Si pa tangazo, na mlinzi atakayechukua simu yako hatajali kwamba ulikuwa unauza kandambili. Ukuta wako wa nyumbani, uliopakwa chokaa upya, unatosha.

Usifanye: usionyeshe geti lako, namba ya nyumba, mahali unapoweka bidhaa, wala noti ulizohesabu jioni. Wanaotazama statu yako si wateja tu.

Usifanye: usimweke mtoto wa jirani kwenye tangazo kwa sababu anacheka vizuri. Wako mwenyewe, fikiria mara mbili. Wa mtu, uliza kwanza, na mama yake akikataa, ni basi.

Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi hii ina sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, inayogusa biashara ya mtandaoni, taarifa za watu na makosa yanayofanyika kwa simu. Huhitaji kuwa mwanasheria kuiheshimu. Picha ya mtu, jina lake na namba yake ni mali yake, na mteja aliyekukopa haanikwi kwa video.

Usifanye: usitengeneze ushuhuda wa uongo. Sauti ya binamu yako ikijifanya mteja wa Kolwezi inatambulika, hasa na waliosoma naye.

KUSAMBAZA

Fanya: hamia WhatsApp Business. Imekuwepo tangu 2018, ni bure, na ina mahali pa kupanga bidhaa na bei. Bei iliyo kwenye orodha unaweza kuibadilisha kesho asubuhi. Iliyo ndani ya video iliyokwisha sambaa, huwezi.

Fanya: mwombe kila mnunuzi ahifadhi namba yako, na uhifadhi yake. Hili si la heshima tu. Statu huonwa na watu ambao mmehifadhiana namba, na ujumbe unaoutuma mara moja kwa orodha ya watu hadi 256 unamfikia tu yule aliyekuhifadhi. Unaweza kurekodi audio nzuri kuliko zote Haut-Katanga ikaingia kwenye simu tisa. Ndiyo sababu kila audio imalizike kwa namba yako ikisemwa polepole, mbilimbili: kuna watakaoipokea kutoka kwa mtu wa tatu, na kuna mwizi atakayeichukua video yako na kuandika namba yake chini. Namba iliyotamkwa kwa mdomo wako ni ngumu kuiba.

Usifanye: usimwage video kwenye makundi ya msiba, ya kanisa na ya wazazi wa shule. Nimeona tangazo la wigi chini ya tangazo la mazishi. Aliyeliweka anaishi Kambove bado, na wigi anazo bado.

Usifanye: usiandike «bei inbox». Umemla mtu mega zake ukamficha jambo moja alilolifuata.

Fanya: andika daftarini waliouliza na waliolipa, na walisikia au waliona nini. Idadi ya walioona statu haijazi chungu. Baada ya miezi miwili daftari litakuonyesha kwamba audio yako ya Jumamosi asubuhi inauza na video uliyohangaika nayo siku nzima haiuzi, au kinyume chake. Fuata daftari.

Fanya: jaza betri umeme wa SNEL unapokuja, hata kama ni saa nane za usiku. Mteja aliyeuliza saa tatu asubuhi na kujibiwa saa kumi jioni keshanunua kwa mwingine.

Usifanye: usitoe mzigo kwa sababu umeona picha ya ujumbe wa malipo, wala kwa sababu umetumiwa audio inayoapa kwamba pesa zimetumwa. Fungua M-Pesa au Airtel Money yako mwenyewe, tazama salio lako mwenyewe. Mteja wa kweli hatachukia. Anayechukia, mwache achukie akiwa mbali na asali yako.

Fanya: taja tarehe ndani ya kila audio na kila video. «Leo tarehe 4 Machi, bei ni hii, hadi Jumapili.» Statu inajifuta baada ya saa 24, lakini mtu akishaihifadhi au akaisukuma kwenye kundi, inaendelea kutembea Likasi hadi Fungurume bila wewe. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na saa 12 tu. Kwa hiyo fungua simu yako leo, tafuta matangazo yako ya zamani kwenye Facebook na TikTok yenye bei ya mwaka jana, uyaondoe. Yale ya WhatsApp yameshakutoka mkononi. Kama hukutaja tarehe na mteja akaja na video yako mwezi wa sita, utamuuzia kwa bei uliyoitamka mwenyewe.